Kiangazi cha Kwanza cha Mwanafunzi Anayejiandaa kwa Udaktari Marekani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Januari hadi Agosti

Kila mwaka, Mei inapofika, barua ninazopata kutoka kwa wanafunzi wetu walioko Marekani huwa na kilio kimoja. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo na nia yake ni kusoma udaktari. Ameziandikia hospitali tatu akiomba nafasi ya kujitolea. Mbili hazikujibu, na ya tatu imemtaka alete vyeti vya chanjo ambavyo vilibaki Mombasa, Goma au kambini Nyarugusu. Agosti inaingia akiwa hajakaa na mgonjwa hata mmoja.

Wanafunzi hawa si wavivu. Wengi wao huanza kutafuta nafasi Mei wakati maandalizi yalipaswa kuanza Januari, na wakishachelewa hujaribu kufidia kwa kushika mambo matano kwa pamoja. Ninachowashauri wote ni hiki: chagua mahali pamoja ambapo utakuwa karibu na wagonjwa, baki hapo kiangazi chote, na andika kila siku ulichokifanya. Mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanaitumikia shabaha hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vifuatavyo katika bahasha moja, na uhifadhi nakala zake kwenye simu.

- Kumbukumbu za chanjo, hata kama ni kadi ya kliniki ya utotoni iliyochakaa.
- Kitambulisho na hati zinazoonyesha hadhi yako ya uhamiaji.
- Wasifu wa ukurasa mmoja. Kazi ya dukani, kulea wadogo zako na kuwatafsiria wazazi vyote vina nafasi humo.
- Anwani ya barua pepe ya chuo, kwa kuwa huaminiwa kuliko ile ya binafsi.
- Daftari gumu la kuandikia saa zako.
- Hesabu ya fedha: kodi, nauli, chakula, na kiasi ambacho nyumbani wanakitegemea kutoka kwako.

Usiipuuze hesabu hiyo ya mwisho. Mwanafunzi anayesaidia kulipa kodi ya nyumba hawezi kujitolea saa 40 kwa wiki bila malipo, na hapaswi kuona aibu kwa hilo. Kamati za udahili hutambua kazi ya malipo, na kazi ya malipo iliyo karibu na mgonjwa ina thamani kubwa.

## Hatua ya 1: Jua sheria inakuruhusu kufanya nini (Januari)

Anza hapa, maana kosa la hatua hii haliponyeki kwa urahisi.

Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kufanya kazi kutokana na hadhi yao yenyewe. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri uamuzi anahitaji kibali cha kazi. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, yuko katika hali nyingine kabisa: ndani ya chuo anaweza kufanya kazi, na wakati wa likizo saa zinaweza kuwa za kutwa, lakini kazi ya nje ya chuo inahitaji idhini, ambayo kwa kawaida haipatikani kabla ya kumaliza mwaka mzima wa masomo.

Onyo: Kwa mwenye F-1, hata kujitolea kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi ikiwa nafasi hiyo kwa kawaida hulipwa mshahara. Mwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kabla ya kutia saini karatasi yoyote, na uombe jibu lake kwa maandishi.

Mwezi huohuo, angalia programu za kiangazi zenye mashindano. SHPEP iliundwa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaolenga fani za afya, na maombi yake yamezoeleka kufungwa mapema Februari. Programu za utafiti za REU, zinazogharamiwa na mfuko wa taifa wa sayansi, hulipa posho lakini hupokea raia na wakaazi wa kudumu pekee, kwa hiyo mkimbizi ambaye bado hajapata ukaazi wa kudumu asipoteze wiki mbili akiandika maombi hayo. Zaidi ya hayo, nyingi huwapendelea waliomaliza mwaka wa pili au wa tatu. Omba kama unastahili, lakini usiache kutafuta nafasi nyingine huku ukisubiri jibu.

## Hatua ya 2: Maliza chanjo na kipimo cha kifua kikuu (Februari na Machi)

Hapa ndipo wanafunzi wetu hukwama kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitaieleza hatua hii kwa kirefu.

Hospitali na nyumba za kulelea wazee hukutaka uthibitishe kinga dhidi ya surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, homa ya ini aina ya B, na pepopunda pamoja na kifaduro. Ikiwa kadi yako imepotea, usikate tamaa wala usikimbilie kuchanjwa upya kila kitu. Omba kipimo cha damu kinachopima kingamwili. Kikionyesha kuwa una kinga, karatasi ya maabara itasimama mahali pa kadi. Kisipoonyesha kinga, itabidi uchanjwe, na ratiba yake ni ndefu: dozi mbili za surua au za tetekuwanga hupishana kwa angalau wiki nne, na mfululizo wa kawaida wa homa ya ini B huchukua miezi sita, ingawa ipo chanjo ya watu wazima ya dozi mbili zinazopishana kwa mwezi mmoja. Sasa unaona kwa nini Mei ni kuchelewa.

Linalofuata ni kipimo cha kifua kikuu. Wengi wetu tuliozaliwa Afrika Mashariki na Kongo tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa wachanga, na kovu lake tunalo mkononi hadi leo. Kipimo cha ngozi, kile cha kuchomwa dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono na kusubiri uvimbe, kinaweza kuichukulia BCG kuwa maambukizi. Mwanafunzi mwenye afya njema hujikuta mkono umevimba, akatumwa kupigwa picha ya kifua, na wiki tatu za kiangazi zikapotea.

Kabla ya kuchomwa, mwambie muuguzi: «Nilichanjwa BCG utotoni. Naomba kipimo cha damu.» Kipimo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama IGRA, hakidanganywi na BCG, na ndicho wataalamu wa Marekani wanachokipendelea kwa mtu aliyechanjwa. Damu hutolewa mara moja, wala hakuna kurudi ili mkono usomwe.

Ikiwa sehemu unayokwenda inakubali kipimo cha ngozi tu, kumbuka mambo mawili. La kwanza, mkono husomwa kati ya saa 48 na 72, kwa hiyo usichomwe Alhamisi ikiwa kliniki hufungwa Jumamosi na Jumapili. La pili, chanjo ya surua inaweza kudhoofisha majibu ya kipimo hiki, hivyo fanya vyote siku moja au usubiri angalau wiki nne baada ya chanjo.

Umefaulu iwapo kufikia mwisho wa Machi una karatasi moja, yenye mhuri au saini ya kliniki, ambayo ofisi yoyote ya wafanyakazi wa kujitolea itaipokea bila swali. Kituo cha afya cha chuo kwa kawaida huweza kukuandalia.

## Hatua ya 3: Chagua kazi moja ya karibu na wagonjwa (Machi na Aprili)

Ninataja njia nne. Chagua moja.

Msaidizi wa muuguzi, yaani CNA. Kwa mwanafunzi anayehitaji fedha, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya angalau saa 75, ambamo saa 16 ni za vitendo chini ya uangalizi, kisha mtihani wa nadharia na wa ujuzi. Majimbo mengine hutaka zaidi. California, kwa mfano, inataka angalau saa 160. Ukianza kozi katikati ya Mei kwenye jimbo la saa 75, unaweza kuwa kazini mwanzoni mwa Julai. Zamu tatu za saa nane kwa wiki, kwa wiki nane, ni saa 192 za kumgusa, kumlisha, kumgeuza na kumsikiliza mgonjwa.

Usilipe ada kabla ya kuuliza. Nyumba ya wazee iliyokwisha kukuajiri au kukuahidi kazi siku unapoanza kozi hairuhusiwi kukutoza gharama za mafunzo. Na kama ulijilipia mwenyewe, kisha ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linapaswa kuwa na utaratibu wa kukurudishia fedha kwa kadiri ya muda uliofanya kazi. Watu wengi hawalijui hili.

Pengine mama yako au shangazi yako anaifanya kazi hiyohiyo na anatamani wewe uikwepe. Zungumza naye kwa heshima, umweleze kuwa unakwenda kujifunza kazi ambayo madaktari wengi hawajawahi kuifanya kwa mikono yao, kisha umwombe akufundishe namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo. Hatapatikana mwalimu bora kuliko yeye.

Kujitolea katika hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha. Hospisi zinazolipwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, zinatakiwa kisheria saa za wanaojitolea zifikie angalau asilimia 5 ya saa za huduma kwa wagonjwa. Ndiyo maana huzihitaji nguvu zako mwaka mzima na hujibu barua haraka kuliko hospitali kubwa, ambazo hupokea maombi kutoka kwa wanafunzi wa chuo kizima. Kazi ni kukaa, kusoma kwa sauti, kushika mkono, na kumpa mke au mwana wa mgonjwa nafasi ya kwenda dukani. Ikiwa umefiwa na mtu wa karibu hivi karibuni, sema hivyo mapema; mara nyingi mtu huombwa asubiri, na ni kwa wema wake.

Kujitolea hospitalini au katika kliniki ya jamii. Uliza kabla ya kukubali: nitakutana na wagonjwa, au nitapanga mafaili? Kliniki ndogo inayohudumia wasio na bima mara nyingi humpa kijana kazi yenye maana zaidi.

Ukalimani wa kitabibu. Hapa Kiswahili chako ni mali. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinamtaka mtoa huduma anayepokea fedha za shirikisho atumie mkalimani aliyehitimu, wala asimtegemee mtoto wa mgonjwa ila wakati wa dharura. Kukua ukizungumza Kiswahili hakutoshi kukufanya uhitimu. Vyombo viwili vya kitaifa vinavyotoa vyeti vya ukalimani wa kitabibu vinataka angalau miaka 18 na mafunzo ya saa 40, na kozi ya namna hiyo inaweza kukamilika ndani ya Mei na Juni.

Saa hizo 40 zina sababu. Mgonjwa wa Mombasa anaposema ana homa, huenda ana mafua; wa Dodoma akisema vivyo hivyo, mwili wake unachemka. Mwenyeji wa Bukavu anaweza kusema ana «tension» pale ambapo Mtanzania angesema presha. Mtu akisema «kichomi», unapaswa kumuuliza kama anaeleza maumivu yanayochoma ubavuni au ugonjwa wa mapafu aliowahi kuambiwa na daktari. Mkalimani anayebahatisha humfanya daktari atibu ugonjwa usiokuwepo.

Umefaulu pale unapokuwa na tarehe ya kuanza, jina la msimamizi na ratiba ya wiki, vyote kwa maandishi, kabla ya mitihani ya Mei.

## Hatua ya 4: Omba kuandamana na daktari kazini (Aprili)

Kuandamana na daktari ni kusimama pembeni na kutazama anavyofanya kazi. Siku nne au tano zinatosha kiangazi hiki. Lengo ni kuona siku yake nzima, pamoja na muda mrefu anaoutumia kwenye kompyuta, ili ujue unachokiomba maishani.

Barua nyingi hazijibiwi kwa sababu ni ndefu na hazina ombi linaloeleweka. Barua nzuri ina sentensi tano: wewe ni nani na unasoma wapi; ulimjuaje; unaomba siku moja tu na unataja tarehe mbili zinazokufaa; chanjo zako zimekamilika na uko tayari kutia saini hati ya usiri; na shukrani. Anza na daktari wa familia yenu, kisha daktari wa mtoto wa jirani, kisha kliniki za mtaani. Baada ya siku kumi bila jibu, andika mara moja tena, halafu achana naye na umwendee mwingine. Kati ya barua kumi, ukipata majibu mawili umefanya vizuri.

Omba siku moja, kwa maana siku moja hukubalika kwa urahisi. Ukifika mapema, ukasimama unapoambiwa na kuhifadhi maswali hadi mgonjwa atoke, mara nyingi daktari mwenyewe ndiye atakayekuuliza kama utarudi.

## Hatua ya 5: Amua kuhusu masomo ya kiangazi

Jibu langu kwa walio wengi ni hapana, na hasa kwa kemia ogani. Somo linalochukua nusu mwaka likibanwa ndani ya wiki chache, pamoja na maabara, hulemea hata walio wepesi wa kuelewa, na alama yake haifutiki. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya udaktari, huhesabu alama za kila chuo ulichosoma baada ya sekondari, na ukirudia somo huhesabu alama zote mbili, hata kama chuo chako kimeifuta ile ya kwanza.

Zipo sababu za kusema ndiyo. Labda ulianguka katika kemia ya msingi na huwezi kuendelea bila kuirudia, au unataka somo moja la takwimu au saikolojia ili kupunguza mzigo wa mwaka wa pili. Basi soma hilo moja tu, pata idhini ya chuo chako kwa maandishi kwamba litatambuliwa, na uulize ofisi ya fedha kama msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, unaweza kutumika kiangazi. Huenda ukatakiwa kusoma angalau nusu ya mzigo kamili.

Kuhusu MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari, usinunue vitabu vyake bado. Unachukua takribani saa saba na nusu, unauliza biokemia, fizikia, saikolojia na sosholojia ambazo hujazisoma, na vyuo vingi havikubali matokeo yaliyozidi miaka miwili au mitatu.

## Hatua ya 6: Ukienda nyumbani, jilinde wewe na mgonjwa

Wengine hutumia kiangazi kuwaona jamaa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura, na mjomba mwenye kufahamiana na daktari humpeleka kijana hospitalini. Nia ni njema. Tatizo huja pale kijana anapovishwa koti jeupe, akaambiwa ashone kidonda au achome sindano, na picha ikapigwa.

Kataa, kwa adabu na kwa uthabiti. Mgonjwa huyo hakukubali kushonwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyefundishwa, na mwili wake una heshima ileile ya mgonjwa wa Boston. Muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani umewaonya waombaji waziwazi kuhusu jambo hili, na picha ya namna hiyo inaweza kuwa sababu ya kukukataa. Sema: «Shikamoo daktari, nashukuru sana, lakini naomba nitazame tu.» Kisha tazama kwa makini, na jioni andika ulichojifunza kuhusu namna wauguzi wachache wanavyohudumia wodi nzima.

## Hatua ya 7: Andika kila siku (Mei hadi Agosti)

Baada ya miaka miwili au mitatu utaijaza fomu ya AMCAS. Ina nafasi 15 za shughuli, kila moja ikikupa herufi 700 za maelezo, na tatu kati ya hizo unaweza kuzitaja kuwa zilizokugusa zaidi na kuongezewa herufi 1,325. Utaulizwa tarehe, idadi ya saa, na mtu wa kuthibitisha. Asiye na daftari hulazimika kukisia.

Ukurasa wa siku uwe mfupi, kama huu:

*Jumanne, 9 Juni. Saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana. Saa 6. Msimamizi: muuguzi wa zamu.*
*Mzee mmoja alikataa kuogeshwa mara mbili. Muuguzi hakubishana naye. Alimuuliza kama angependa chai kwanza, akaketi naye hadi kikombe kikaisha. Mzee akasema mwenyewe, «Sasa twende.» Mimi nilikuwa nimekwisha kushika taulo na nilikuwa na haraka.*

Mistari hiyo michache itakuwa na uzito katika insha yako kuliko aya nzima kuhusu kupenda kusaidia watu. Angalia pia kisichokuwemo: jina la mzee, namba ya chumba, ugonjwa wake. Sheria ya usiri, HIPAA, inamlinda, na kituo kinaweza kukufukuza kwa kuandika au kupiga picha kitu kinachomtambulisha mgonjwa. Daftari lisitoke na karatasi yoyote ya wodi.

Kila Jumapili jumlisha saa za wiki. Ukiona wiki mbili zimepita bila jambo la kuandika, mwombe msimamizi akubadilishie kazi, usisubiri Agosti.

## Hatua ya 8: Funga kiangazi bila kufunga mlango (Agosti)

Wiki mbili kabla ya kuondoka, mwombe msimamizi dakika kumi. Mpe orodha ya saa zako azithibitishe kwa saini, chukua anwani yake ya kazi pamoja na ya mtu mwingine wa ofisi hiyo, kwa kuwa wasimamizi huhama, na umuulize kama unaweza kubaki kwa zamu moja kwa wiki masomo yatakapoanza. Zamu ya saa nne kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka wa masomo, ni saa 120 nyingine katika mahali palepale na mbele ya watu walewale, ambao mwaka wa tatu wataweza kuandika barua ya kukupendekeza wakikufahamu kweli.

Ikiwa chuo kiko mbali na nyumbani, omba kurudi wakati wa likizo ya Desemba na kiangazi kijacho. Peleka ombi hilo kwa maandishi kabla ya zamu yako ya mwisho, na kabla msimamizi hajapanga zamu za Septemba.